Haki ya Farasi Mgonjwa Juu ya Bwana Wake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Shukurani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiisha wanyama kwa wanaadamu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Yapo maradhi ya farasi ambayo Waarabu huyaita khunaqi, nayo huwapata punda pia. Mnyama hushikwa na homa, huacha kula, hutokwa na makamasi mazito, na tezi zilizo chini ya taya huvimba hata zikafanya majipu, yakapasuka usaha. Sababu yake ni kijidudu kisichoonekana kwa macho, nacho hupita kwa pua, kwa ndoo ya maji, kwa lijamu na kwa mikono ya saisi. Wengi katika wanyama hao hupona. Lakini kupona kwao huchukua siku nyingi, na katika siku hizo ndipo dini ya mwenye mnyama inapojaribiwa.

Jaribio la kwanza ni subira. Jipu likisha kupasuka na homa ikishuka, farasi huonekana kama mzima, na bwana wake hutamani kumtandika. Kumbe bado ni dhaifu. Humpasa apumzishwe kazi, apewe majani laini na pumba zilizoroweshwa kwa kuwa koo lamuuma, aoshwe kidonda, apimwe joto kila siku. Wako ambao wiki mbili hata nne baada ya kudhaniwa wamepona huvimba miguu na kichwa, na hiyo ni khatari kubwa. Mtume s.a.w. alipita penye ngamia ambaye tumbo lake limegandamana na mgongo kwa njaa, akawaamrisha watu wamche Mungu kwa ajili ya wanyama hawa wasiosema, na wawapande wakiwa katika hali njema. Na katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kwamba Mtume alionekana akimpangusa farasi wake uso kwa nguo yake mwenyewe. Basi ni nani aliye mkubwa hata aone haya kumpangusa farasi wake usaha?

Jaribio la pili ni haki ya jirani. Wako wasemao: Mtume amekwisha kusema hapana kuambukiza, basi kuna haja gani ya kumtenga mnyama? Watu hao wameshika nusu ya khabari wakaiacha nusu. Abu Huraira, aliyeipokea hadithi hiyo, amepokea pia kwamba Mtume amekataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Wanavyuoni, na katika wao Imam Nawawi, wamezikusanya hadithi mbili hizi wakasema: lililokanushwa ni itikadi ya watu wa ujahili, kwamba maradhi huenda kwa nguvu zake yenyewe pasipo amri ya Mungu, na lililoamrishwa ni kujiepusha na madhara ambayo Mungu amejaalia kwa desturi yatokee kwa sababu yake. Basi kumtenga mgonjwa si upungufu wa kumtegemea Mungu, bali ni kumtii Mtume wake.

Na kutenga huko kusikatizwe upesi. Farasi aliyepona huweza kutoa kijidudu hicho kwa wiki mbili au tatu baadaye. Na wachache hukificha ndani ya vifuko viwili vya hewa vilivyo nyuma ya koo kwa miezi, hata kwa miaka, na macho ya mtu hayaoni ila uzima. Kwa hiyo awe na ndoo yake na kamba yake, mwenye kumhudumia aanze kwa wazima kisha aende kwake, na asirudishwe kundini mpaka daktari wa wanyama amempima na kumsafisha.

Jaribio la tatu ni sokoni. Mwenye kuchoka kungoja huenda akamuuza mnyama huyo kwa mtu asiyejua, akanyamaza. Mtume alipotia mkono katika chungu ya nafaka akakuta chini yake maji, alimkemea mwenyewe na akasema kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Chakula kilicholowana hukauka; ama maradhi yaliyouzwa kwa siri huingia banda zima la mnunuzi.

Wala asidhani mtu wa Lamu, ambako punda ndiye achukuaye mawe na mchanga, kwamba maneno haya ni ya wenye farasi tu. Katika madhehebu ya Imam Shafi ni wajibu mtu kumlisha na kumnywesha mnyama wake. Akikataa, hulazimishwa kufanya hivyo au kumuuza, au kumchinja ikiwa ni wa kuliwa. Na mnyama hawi si wake kwa sababu ameugua. Siku ya kazi hula kwa jasho lake. Siku ya maradhi hula kwa amana ya bwana wake, na amana itaulizwa.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu huruma kwa viumbe wake, na subira katika kuwauguza, na ukweli katika kuwauza. Amin.