Je, Mkosaji Astahili Kuagwa?

Msishangae kumwona mwalimu mzee akiwaandikia habari za motokaa. Mimi sijapata kumiliki gari hata moja, baiskeli yangu yanitosha. Lakini wakati wa likizo mjukuu wangu alinionyesha katika simu yake kipindi cha mwisho cha mabwana watatu wa Uingereza, Jeremy Clarkson, Richard Hammond na James May. Nilikitazama hadi mwisho, kama saa mbili hivi, chai ikapoa mezani. Tangu siku hiyo ninalo swali lisiloniacha, nami naona afadhali tuliulize pamoja.

Kwanza nieleze habari yenyewe kwa wasioijua. Kipindi chao cha awali kiliitwa Top Gear, nacho kilikuwa cha shirika la utangazaji la BBC. Kilianza mwaka 1977, baadaye kikasimama, kikafufuliwa kwa sura mpya mwaka 2002. Bw. May alijiunga mwaka 2003, na watatu hao wakawa kama vidole vya mkono mmoja. Kazi yao ilikuwa kuendesha magari, kuyasifu au kuyakashifu, na zaidi ya yote kutaniana. Walisafiri nchi nyingi kwa magari makuukuu. Mwaka 2007 ilionyeshwa safari yao ya kuvuka Botswana, na mwaka 2013 walionekana wakipita Uganda, Rwanda na hapa kwetu Tanzania, wakidai kutafuta chanzo cha mto Nile. Katika safari hizo walikuwa na desturi moja. Gari la mmoja likiharibika, wenziwe wawili humcheka, hupiga honi, wakaenda zao. Yeye huachwa njiani na spana zake, awafuate akiweza. Naomba mwishike desturi hiyo, maana nitairudia.

Sasa lile kosa. Mwezi Machi mwaka 2015 Clarkson alifika hotelini huko Yorkshire baada ya kazi ya kutwa, akakuta jiko limefungwa na hakuna chakula cha moto. Kwa ajili ya sahani ya nyama, ndugu zangu! Alimtukana mmoja wa watayarishaji wa kipindi, kisha akampiga, na mtu yule akaenda hospitali mdomo ukimtoka damu. Watu zaidi ya 1,000,000 walitia sahihi ombi la kumtetea Clarkson, na ombi hilo likapelekwa kwenye ofisi za BBC kwa kifaru cha vita. Hata hivyo, tarehe 25 Machi mkuu wa BBC, Tony Hall, alitangaza kwamba mkataba wa Clarkson hautaendelezwa, kwa kuwa haiwezekani pawe na sheria moja kwa wakubwa na nyingine kwa wadogo.

Mimi nasema alitenda haki. Kama aliyepigwa angaliambiwa anyamaze kwa sababu mpigaji huleta fedha nyingi, hilo lingalikuwa pigo la pili, tena zito kuliko la kwanza. Clarkson mwenyewe alikiri hadharani kwamba mtayarishaji yule hakuwa na lawama, na mwaka 2016 akamwomba radhi rasmi, shauri likaisha.

Basi kipindi kile kiliagaje? Tarehe 28 Juni 2015 zilionyeshwa picha mbili zilizokuwa zimebaki. Hammond na May walisimama peke yao katika ukumbi mtupu, bila watazamaji waliozoea kuujaza, na katikati pamewekwa sanamu kubwa ya tembo. Waingereza wanao msemo kwamba jambo ambalo kila mtu analiona, wala hakuna athubutuye kulitaja, ni tembo aliyemo chumbani. Clarkson hakuwamo ukumbini. Kilikuwa kama chakula cha matanga kisicho na mfiwa.

Hapo ndipo naikumbuka ile desturi ya njiani. Katika mchezo, mwenzao akikwama walimwacha. Lakini siku alipokwama kweli, tena kwa kosa lake mwenyewe, hawakumwacha. Waliondoka BBC pamoja naye, na mwezi Novemba 2016 wakaanza kipindi kingine, The Grand Tour, kwa kampuni ya Amazon. Wapo watakaosema kwamba walifuata fedha, wala sitabisha sana, maana Amazon si maskini. Lakini sikilizeni alivyosema May mapema, siku zile zile za fujo. Aliwaambia waandishi wa habari, kwa neno lisilofaa kuchapwa katika gazeti letu, kwamba mwenzake ni mpumbavu, ila yeye anampenda kiasi. Nimefundisha mantiki na maadili miaka mingi, na sidhani kama niliwahi kulieleza jambo hilo vizuri kuliko alivyolieleza dereva yule. Hakulipaka kosa chokaa, wala hakumtupa mtu.

Kuaga kwao kwa pili kulionyeshwa tarehe 13 Septemba 2024. Waliivuka Zimbabwe katika magari waliyoyatamani kwa miaka mingi: Clarkson katika Lancia Montecarlo, Hammond katika Ford Capri, May katika Triumph Stag. Waliishia Kubu, nchini Botswana, palepale walipofika katika ile safari ya mwaka 2007. Kubu huitwa kisiwa, lakini wakati wa kiangazi hakina maji kandokando. Ni miamba na mibuyu iliyosimama katikati ya uwanda mweupe wa chumvi wa Makgadikgadi. Hapo walimaliza, watu wazima watatu wenye mvi, kwa hiari yao. Nilijikuta natafuta leso, na mjukuu wangu akajifanya hakuona.

Kisha swali likaja. Je, mtu yule alistahili kuagwa vizuri namna ile?

Naliuliza kwa sababu ninayo sababu. Nilipokuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu, mwenzetu mmoja aliyekuwa ametumika miaka 22 alimpiga tarishi kofi mbele ya ofisi kwa ajili ya barua iliyochelewa. Aliondolewa chuoni kwa haki kabisa. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya maagano. Wajumbe wawili walipendekeza angalau tumwandalie chai. Nikakataa, nikahutubu juu ya mfano mbaya kwa wanachuo, nikashangiliwa. Mwenzetu aliondoka alfajiri kwa basi, na sanduku lake la bati. Nyumba yangu ilikuwa karibu na kituo. Nililisikia basi likinguruma, nami nikajigeuza ubavu wa pili.

Naona sasa kwamba nilichanganya mambo mawili. Nilidhani kumuaga mtu ni kumpa tuzo. Lakini tuzo hupimwa kwa sifa, na kuaga hupimwa kwa nini? Huyu alikula nasi, alizika nasi, alifundisha watoto wetu kusoma. Kumwambia “nenda salama” hakukuwa kusema kwamba lile kofi lilikuwa halali. Adhabu ilikwisha kutolewa na wenye mamlaka. Mimi niliongeza ya kwangu juu yake, ambayo hakuna aliyenituma kuitoa.

Mtu ataniuliza: na yule tarishi je? Aketi kando atazame mpigaji wake akinyweshwa chai na kupigiwa makofi ya furaha? Swali hilo ni zito, na kwa muda mrefu ndilo lililonilinda. Lakini ukweli ni kwamba hatukumwuliza. Katika kamati nzima, na mahubiri yangu yote juu ya haki yake, hakuna aliyemwita mzee yule akamwuliza, wewe waonaje? Asubuhi ile, saa mbili, aliingia ofisini na barua mkononi, akasema, “Kumbe Mwalimu amekwenda? Mbona hamkuniambia?” Akaziweka barua mezani, akatoka. Sijui kama alitaka kumpa mkono au kumpa maneno yake. Alifariki miaka mingi iliyopita, na sasa hakuna wa kunijibu.

Mwenzetu yu hai, nasikia anakaa kwa bintiye, macho yamepungua nguvu. Mvua zikipungua nitapanda basi kwenda kumwona. Nimemwambia mjukuu wangu anisindikize. Ameniuliza nitakwenda kusema nini, nikamwambia kwamba kwanza nitamwuliza habari za safari yake ya alfajiri ile, kama alipata kiti.