Mchezaji, Kitambaa na Mwenye Picha

Picha ya mchezaji aliyesimama nje, mikono juu, na kitambaa kirefu kikipepea nyuma yake, si kitu kigeni tena katika Nyanda za Juu za Kusini. Iringa ina mahali pazuri pa kuipigia: Isimila, kati ya nguzo za udongo zilizochongwa na maji, au juu ya jiwe la Gangilonga. Mbeya ina mlima Loleza. Kwamba picha hizo hupendeza hapana ubishi. Swali langu si la uzuri bali la haki: uzuri ule ni mali ya nani?

Wapiga picha wengi hujibu upesi kuwa ni mali yao. Wasema ngoma hupita kama upepo, na kilichobaki ni kazi ya jicho lililoona na kidole kilichobonyeza. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kudharauliwa. Kitambaa kilichorushwa hewani hakidumu katika umbo moja hata kwa nusu ya sekunde. Kamera hufumbua jicho lake kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, ikanasa mkunjo ambao mchezaji mwenyewe hakuuona, kwa kuwa ulikuwa nyuma ya kisogo chake. Kisha katika picha mia mbili huchaguliwa moja. Kuchagua ni kazi, na kazi ina mwenyewe.

Lakini na tuitazame kazi ya upande wa pili. Mwanga mzuri ni ule wa jua linapochomoza, na katika miezi ya Juni na Julai saa hiyo ndiyo saa ya baridi kali Mbeya na Iringa. Mpiga picha amevaa koti. Mchezaji amevaa nguo nyepesi, na nyayo zake zi wazi juu ya mawe. Huruka mara ishirini, mara thelathini, na kila mara hana budi kuutuliza uso wake kana kwamba haoni baridi. (Pembeni yupo wa tatu, mrusha kitambaa, ambaye huirusha ncha na kuinama asionekane, yeye hatajwi kabisa.) Mkunjo ulionaswa ulizaliwa katika bega na kiuno cha mchezaji. Kitambaa kile kile kikitundikwa kambani kikapigwa na upepo ule ule, kitakuwa nguo iliyoanikwa.

Shauri hili lilipata kufika mahakamani. Loie Fuller, mchezaji wa Marekani aliyesifika kwa kuzungusha hariri nyingi mwilini mwake, alimshtaki New York mwaka 1892 mchezaji mwingine aliyeuiga mchezo wake. Alishindwa. Mahakama iliona kuwa mchezo usiosimulia hadithi si tamthilia ya kulindwa na sheria. Mwaka 1894 alipewa hataza ya vazi lake, lenye vijiti vya kushikia mikononi. Basi vazi likapata ulinzi, na uchezaji uliolipa vazi uhai ukaukosa! Kioja hicho bado tunacho mioyoni mwetu tunaposifu lenzi na hariri, tukasahau mgongo uliopinda.

Sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki, ya mwaka 1999, ni pana zaidi: yamtambua mtunzi wa kazi, tena yamtambua msanii atendaye. Hata hivyo ridhaa ina mipaka ambayo sheria haiwezi kuipima yote. Tuseme msichana amekubali kupigwa picha Isimila bila ujira, kwa ahadi kwamba atajulikana. Miaka mitano baadaye ni mwalimu Mafinga, naye aikuta picha ile katika bango la duka la vitenge. Je, ndiyo aliyoisema asubuhi ile ilikuwa ndiyo ya bango?

Nasema haikuwa. Wala sisemi kwamba mchezaji apewe uwezo wa kuifuta kila picha wakati wowote autakao. Hapo hakuna sanaa itakayosimama, na taabu ya mpiga picha itakuwa bure. Nionavyo mimi, mchezaji aonyeshwe picha pale pale kabla ya kushuka mlimani, azikatae asizozipenda, na zilizobaki zitumike kwa jambo lililotajwa. Jambo jipya lihitaji neno jipya, na likiingiza fedha, fedha igawanywe. Ikiwa mchezaji ndiye aliyemlipa mpiga picha, mizani yageuka: hapo mwenye kamera ndiye wa kuomba ruhusa hata ya kuitundika picha dirishani kwake.

Wako watakaosema haya ni mazito mno kwa picha ya kitambaa. Na wavue makoti yao asubuhi moja ya Julai, wapande Gangilonga, waruke mara thelathini, kisha watuambie iliyonaswa ni picha ya nani.