Hukumu ya Haraka na Thamani ya Sanaa

Katika kuhakiki kazi za sanaa, swali moja hutukabili kila mara: je, hukumu ya hadhira ya kwanza ndiyo kipimo cha thamani ya kazi? Wako wasemao kwamba sanaa ni mali ya jamii, na kwa hiyo kazi iliyokataliwa na jamii yake haina la kujitetea. Hoja hiyo ina uzito, lakini yafaa tuipime kwa mfano.

Mwaka 1955 ilitolewa nchini Marekani filamu iitwayo The Night of the Hunter. Iliongozwa na Charles Laughton, mwigizaji mashuhuri mzaliwa wa Uingereza, kutokana na riwaya ya Davis Grubb ya mwaka 1953. Kisa chatukia kando ya mto Ohio, katika dhiki kuu ya uchumi ya miaka ya 1930. Harry Powell, mwuaji ajifanyaye mhubiri, anagundua gerezani kwamba mfungwa mwenzake ameficha dola 10,000 za wizi. Mfungwa huyo akiisha kunyongwa, Powell anamwoa mjane wake, anamwua, kisha anawawinda watoto wake wawili, kwa kuwa fedha zimefichwa ndani ya mwanasesere wao.

Watu wa mji ule mdogo wanamwamini Powell kwa mavazi na maneno yake. Nyumbani ni mtoto John tu anayemshuku. Wahenga wetu walikwisha sema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini filamu haiishii hapo. Uovu ufichukapo, wale wale waliomsifu ndio watakao kumwua bila kungoja sheria. Ilhali John, aliyedhulumiwa kuliko wote, anakataa hata kumwonyesha kwa kidole mahakamani. Sifa za haraka na lawama za haraka, basi, ni mapacha: zote huzaliwa na uvivu wa kutazama.

Yaliyosimuliwa na filamu yaliipata filamu yenyewe. Haikufanikiwa kibiashara, na wahakiki wengi hawakuipokea kwa furaha. Fani yake iliwatatiza: vivuli vikali vya weusi na weupe, vilivyokumbusha filamu za kimya za Ujerumani za miaka ya 1920, wakati ambapo rangi na viwambo vipana vilipendwa, tena hofu imechanganywa na ngano ya watoto. Laughton hakuongoza filamu nyingine mpaka alipofariki mwaka 1962. Mwaka 1992 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka filamu hiyo katika orodha ya filamu za taifa zinazostahili kuhifadhiwa.

Je, tuidharau hadhira? La. Walioithamini baadaye nao walikuwa hadhira. Wala kukataliwa si ushahidi wa ubora, maana kazi nyingi zilizokataliwa zilistahili kukataliwa. Twasema tu kwamba hukumu ya kwanza ni mwanzo wa uhakiki, si mwisho wake, na kosa lake lina gharama: sifa zilizochelewa hazikumpa Laughton filamu ambazo hakuzitengeneza.

Kwa hiyo walimu na wanafunzi hatuna budi kujiuliza, kabla ya kuitupa kazi yoyote: tumeichunguza fani yake pamoja na maudhui yake, au tumekasirika tu kwa kutoyakuta tuliyoyazoea?