Mtu na Rasilimali

Katika ofisi nyingi za Tanzania leo pana chumba chenye kibao mlangoni kisemacho Rasilimali Watu. Zamani idara ya namna hiyo ilizoea kuitwa Utumishi. Mabadiliko ya jina si jambo dogo. Neno rasilimali lilitoka katika Kiarabu, na asili yake ni kichwa cha mali: fedha au bidhaa ambayo mfanyabiashara hufunga nayo safari akitazamia irudi na faida. Je, mtu aweza kuitwa kwa jina hilo pasipo kupunguziwa utu wake?

Swali hili ni kongwe katika nchi ya Kigoma kuliko vitabu vya uongozi. Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara kutoka pwani. Nguo na shanga zilikuja, pembe za ndovu zikaenda. Katika njia hiyo watu wawili waliweza kufuatana, mizigo yao sawa kwa uzito. Mmoja alikuwa mpagazi, aghalabu Mnyamwezi, aliyepatana ujira na posho kabla ya kuinua mzigo. Wa pili alikuwa mtumwa, naye alipelekwa kuuzwa. Mwenye kutazama kwa mbali asingeona tofauti. Lakini wa kwanza aliichukua rasilimali. Wa pili alikuwa ndiye rasilimali. Mpagazi aliyepunjwa posho aliweza kutua mzigo akagoma, au akatoroka usiku, na viongozi wa misafara walilijua hilo, wakajifunza kupatana naye. Uwezo wa kutua mzigo ndio uliowatenganisha watu hawa wawili.

Utumwa ulipokwisha, mpaka huo haukubaki wazi kama inavyodhaniwa. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893, ukaenea katika mashamba makubwa ya Tanga na kwingineko. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuandikisha vibarua iliyojulikana kwa jina la SILABU, na Waha wa Buha walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa kwa wingi. Kodi ilidai fedha, na fedha ilikuwa mbali. Reli kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ina zaidi ya kilomita 1,200. Mtu aliyekwea garimoshi hakuweza kurudi kwa miguu kesho yake akikasirika. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kazi yake iliandikwa katika kipande chenye nafasi za siku 30: siku aliyoimaliza kazi aliyopimiwa ilitiwa alama, na siku iliyomshinda haikuwamo.

Ni rahisi kuilaani namba. Walakini namba peke yake haikuwa dhuluma. Bwana asiyeandika kitu huiba kwa urahisi zaidi kuliko yule aandikaye, na kipande kilikuwa shahidi ambaye hata asiyejua kusoma aliweza kumshika mkononi. Ubaya ulikuwa kwamba lililokosa nafasi katika kipande lilihesabiwa kuwa halipo kabisa: homa, msiba wa nyumbani, hata maarifa ya mkataji aliyekuwa hodari kuliko mnyapara wake. Kisha mabwana walilalamika kuwa vibarua ni wavivu. Mwaka 1960 Mmarekani Douglas McGregor alieleza kwamba mkuu aaminiye kuwa watu huchukia kazi huwawekea walinzi na adhabu, na walinzi na adhabu huzaa uvivu uleule aliouogopa. Manamba wangeweza kumfundisha jambo hilo miaka mingi kabla.

Sasa na tuitazame Kalinzi, katika milima iliyo juu ya Ziwa Tanganyika. Huku kahawa hukua karibu na migomba, katika mashamba madogo ya jamaa, na wakulima wana vyama vyao vya msingi vilivyoungana katika ushirika wa Kanyovu. Huku hapana manamba. Mtu hujulikana kwa jina lake, la babaye na la ukoo wake. Yamkini msomaji atadhani kwamba swali limekwisha.

Halikwisha. Na tumfikirie katibu wa chama katika msimu wa mavuno, anayetafuta vibarua wa kumenya kahawa, kuigeuza juani na kuchambua punje mbovu. Mpwa wake huja jua limepanda. Mjane wa kijiji cha pili huja alfajiri. Katibu anawajua wote wawili, na kwa sababu ya kujua huko mpwa hulipwa sawa na mjane, pengine zaidi. Hapa jina ndilo linalodhulumu, na daftari lenye hesabu ya siku na saa, lililofanana na kipande, lingekuwa haki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, hutaka vyote viwili. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma. Masharti ya kazi yaandikwe. Mtu asiachishwe kazi pasipo sababu halali na utaratibu wa haki, na mwajiri ndiye mwenye kuthibitisha. Maandishi huzuia upendeleo, na mtu husikilizwa ili aseme lile ambalo maandishi hayakulichukua. Ni sheria njema. Lakini ulinzi wake dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumfikii aliyemtumikia mwajiri wake chini ya miezi 6, na msimu wa kahawa huisha mapema kuliko hapo.

Basi mjane yu nje ya ulinzi huo. Ana uwezo wa mpagazi wa Ujiji, wa kutua mzigo na kwenda zake. Ila mpagazi aliweza kupata msafara mwingine, naye ana watoto nyumbani na msimu ni mmoja kwa mwaka. Akinyamaza, katibu ataweza kusema kwamba ameridhika. Daftari liko mezani, na mpwa bado hajafika.