Avio kwenye tiketi

Mwaka jana sisi vijana wa kambi ya Gasorwe, hapa Muyinga, tulikosa mipira. Tukaamua kufanya tombola. Tiketi 400, kila moja faranga 300. Zawadi: redio ndogo ya sola, kitenge, na ndoo yenye sabuni. Mimi ndiye niliyesimamia, kwa hiyo lawama ya hapa chini ni yangu.

Tiketi ilichorwa na kijana wa miaka 14 mwenye mkono mzuri kabisa. Alichora avio inapaa juu ya milima. Nikamuuliza kwa nini avio. Akasema, "Si iko muzuri?" Kweli ilikuwa nzuri. Tukaipeleka mjini kwenye fotokopi, na yule wa kompyuta akaongeza orodha ya zawadi kwa Kifaransa, eti tiketi ya Kiswahili haionekani ya kweli. Sikubisha.

Siku ya kuchezesha, mama mmoja jirani yetu akaja na tiketi kumi mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hii avio inaenda wapi? Canada ama Marekani?" Alikuwa ameuza maharagwe ya posho.

Nilitafuta jibu nikakosa. Je, tulimdanganya? Kila neno kwenye karatasi lilikuwa kweli. Redio ilikuwepo, kitenge kilikuwepo. Lakini mama hasomi Kifaransa. Kitu pekee kilichosema naye kwenye ile karatasi kilikuwa avio, na hapa kambini neno "tiketi" lenyewe tayari lina mabawa.

Wiki chache baadaye nilienda Gitega kwa mafunzo. Mwenzangu wa huko akanionyesha karatasi ambayo babu yake aliiweka ndani ya Biblia miaka yote: tiketi ya Loterie Coloniale. Bahati nasibu hiyo ilianzishwa Ubelgiji mwaka 1934, wakati uchumi wa dunia umeanguka, ili koloni la Kongo lipatiwe pesa. Burundi nayo ilikuwa chini ya Wabelgiji haohao, ndani ya Ruanda-Urundi. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, jina likageuzwa kuwa Loterie Africaine, halafu Loterie Nationale. Koloni likatoka kwenye jina, mchezo ukaendelea.

Nilikaa nayo muda mrefu. Imetengenezwa kama noti ya benki. Namba kubwa, maneno kwa Kifaransa na Kiholanzi, na mistari myembamba iliyosukwa kama utando wa buibui ili mtu asiige. Tiketi nzima ikiwa ghali, ziliuzwa pia sehemu za kumi, mwenye pesa kidogo apate kipande. Katikati kuna michikichi na jua linachomoza. Nani asingependa kuishika? Lakini mshindi hakupewa mchikichi, alipewa faranga. Na mtu anayepanda mchikichi kule Kongo hakuulizwa kama nchi yake iwe pambo. Mistari yote ile inamlinda mwenye mchezo asiibiwe. Mnunuzi yeye hana mstari.

Mwenzangu alinicheka. Alisema kila kitu kinachouzwa kina picha: sabuni ina mwanamke mrembo, na hakuna anayedhani atatoka bafuni akiwa yeye. Hoja nzuri, lakini sabuni tunaifahamu, tumeitumia toka utoto. Avio ya kutoka kambini mama huyu hajaipanda. Ameiona ikichukua majirani, wengine baada ya miaka mingi ya kungoja, na hajui ni nani anayechagua. Mkimbizi akiambiwa safari haiendi kwa bahati, inaenda kwa faili, yeye bado anaona bahati tu. Sisi tukaja tukaichora.

Tena kuna jambo linalonisumbua zaidi. Nilipomrudishia mama faranga 3,000 zake, nilimwomba msamaha kwa kumpotosha. Akakasirika kidogo. "Unafikiri mimi ni mtoto? Nilijua pengine si kweli. Nikasema, na kama ni kweli?" Alichukua 2,700 na akabaki na tiketi moja. Kumbe hata ile huruma yangu ilikuwa na dharau ndani yake. Lakini pia najua, kama ile "pengine" isingechorwa vizuri vile, maharagwe yangebaki ndani ya sufuria.

Mwezi huu tunataka tombola nyingine, nyavu zimechanika. Nilimwambia yule kijana achore zawadi zenyewe, na maneno yawe ya Kiswahili. Alichora ndoo. Akaitazama, akanitazama.

"Kaka, nani atanunua tiketi ya ndoo?"

Mpaka leo tumeuza 31.