Dhahiri kwa Nani?

Katika maduka makubwa ya Marekani, pakiti za betri, soksi na peremende huning'inizwa kwenye kulabu ndefu za chuma. Mteja akichukua ya mbele, za nyuma zinatakiwa ziteleze zishike nafasi yake. Zikikwama, mhudumu hupita akizivuta kwa mkono. Basi mtu akiipaka kulabu utando wa utelezi na kuomba hataza, mpinzani wake atauliza: jipya hapo ni lipi? Kulabu ilikuwepo, utando ulikuwepo. Ni jambo dhahiri, fundi yeyote angeviunganisha.

Hoja hiyo ni ya zamani. Mwaka 1851, katika kesi ya Hotchkiss na Greenwood, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hataza ya vishikio vya milango vilivyofinyangwa kwa udongo badala ya kufanywa kwa chuma au mbao. Kubadili malighafi tu, majaji walisema, ni kazi ya fundi stadi, si ya mvumbuzi. Naiona haki hapo. Hataza humpa mmoja njia ambayo wengine wote wanazuiwa kuipita, siku hizi kwa miaka 20. Fundi akikatazwa hata kubadili malighafi, ufundi wake utabaki na nini?

Ila ipo dhuluma nyingine, nayo hunisumbua zaidi. Kitendawili kikishateguliwa, kila mtoto barazani husema alikijua. Jaji naye huletewa jibu mkononi, kisha hutakiwa ajirudishe gizani, kana kwamba hajaliona. Kwa kazi hiyo elimu ya sheria peke yake haitoshi, inadai unyenyekevu.

Chukua mfano wa utelezi wenyewe. Mwaka 1938 Roy Plunkett, mkemia wa kampuni ya DuPont, alifungua mtungi wa gesi na gesi isitoke, ilhali uzito ulionyesha kwamba mtungi haujaisha. Ulipokatwa, ndani mlikuwa na unga mweupe wenye utelezi wa ajabu. Ndiyo Teflon. Wakati huo mayai yaliganda kwenye vikaango kama yalivyoganda siku zote, na wapishi walikwangua. Ilipita miaka 16 kabla ya Mfaransa Marc Grégoire kuupaka kwenye kikaango, kwa wazo la mkewe Colette, kama inavyosimuliwa. Ugumu ulikuwa palepale penye sifa yake: kitu kisichokubali kugandana na chochote kitaishikaje aluminiamu?

Katika kesi ya Graham na John Deere, mwaka 1966, Mahakama hiyohiyo ya Juu ilikubali kuwa inafaa kutazama pia kama haja ilidumu muda mrefu, na kama wengine walijaribu wakashindwa. Nakipenda kipimo hicho, maana humtoa jaji kwenye makaratasi na kumpeleka dukani. Kabla wanasheria hawajaanza kusema, ningetaka kumsikia yule mhudumu: amevuta pakiti kwa mkono miaka mingapi, na ni nani aliyewahi kumletea kulabu iliyo bora?