Mbwa Aliyefunzwa na Mtoto Asiyefunzwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na ali zake na sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, darasa yetu ya baada ya Magharibi ilifikia mlango wa mawindo, na kijana mmoja akatuuliza: "Sheikh wetu, mate ya mbwa twaambiwa tuyaoshe mara saba, moja yazo kwa mchanga. Yawaje basi sungura aliyeuawa kwa meno ya mbwa awe halali?"

Jawabu ni kuwa si kila mbwa. Katika aya ya nne ya Suratul-Maida Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mawindo ya wanyama tuliowafunza, kwa sharti kuwa wametushikia sisi, na jina Lake limetajwa. Naye Adi bin Hatim wa kabila la Tayy alipomuuliza Mtume (S.A.W.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, alijibiwa kwa maana hii: mbwa aliyefunzwa akishika na asile, basi wewe kula, lakini akila yeye, wewe usile, kwani yahofiwa kuwa amejishikia nafsi yake. Na sungura mwenyewe ni halali; Anas bin Malik alimkamata mmoja Marr al-Dhahran, karibu na Makka, Abu Talha akamchinja, na Mtume (S.A.W.) akaipokea sehemu aliyopelekewa.

Katika Matni ya Abi Shujaa, ambayo wengi wetu tuliisoma utotoni, sharti za mbwa huyo ni nne: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, akiua asile, na hayo yakariri mpaka ijulikane kuwa ni tabia yake. Ikikosekana moja, alichokiua ni mzoga, ila akikutwa angali hai akachinjwa. Na pale meno yalipopita, madhehebu yetu ya Shafi yataka paoshwe.

Na hizo sharti hazipatikani kwa siku moja. Wajuzi wa kazi hii hawaanzi kwa mbio. Kwanza humfunza mtoto wa mbwa jina lake, na kuja aitwapo. Kisha humwekea chakula na kumzuia asikiguse mpaka apewe ruhusa. Kisha huburura ngozi ya sungura kwa kamba, ili aifuate, aishike na ailete. Akiileta husifiwa, hupewa tonge lake kwa mkono wa bwana wake, wala hanyang'anywi kwa nguvu. Kwani anyang'anywaye hujifunza kukimbia na alichokishika, au kukitafuna. Hakimbizwi mbio kali na hali mifupa yake haijakomaa, wala hapigwi kwa kila kosa, kwani mbwa mwenye khofu haji aitwapo.

Tazama basi, ewe ndugu msomaji, neno lililotumiwa katika aya ile: ni imsaki, yaani kushika na kuzuia. Ndilo neno hilo hilo tulijualo sote katika mwezi wa Ramadhani. Mbwa ana njaa, sungura yu kinywani mwake, damu yu ulimini mwake, naye hamezi, kwa kuwa ajua kuwa si chake. Na ni wangapi miongoni mwetu waliokabidhiwa mali ya yatima, au ya wakfu, au ya msikiti, ikawa kinywani mwao, wakaimeza? Hao huzuia matumbo yao mchana wa Ramadhani, wala hawaizuii mikono yao mwaka mzima. Sheria imempa mbwa heshima kwa elimu yake na uaminifu wake. Sisi twataka heshima kwa kilemba na nasaba.

Na hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Alasiri ya siku ile ile ya darasa tulipita njia ya msikitini, tukaona watoto wetu wakimpiga mawe mtoto wa mbwa penye ukuta. Tulisema nyoyoni mwetu, "Ni najisi," tukakunja kanzu tukapita. Tuliporejea, alikuwa amekufa. Twajua sote khabari ya mtu aliyeghufiriwa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Na sisi, wenye kuisomesha khabari hiyo, hatukutoa hata neno moja. Najisi huoshwa kwa maji na mchanga. Dhuluma haioshwi hivyo.

Asituelewe mtu kuwa twahimiza kufuga mbwa majumbani. Hadithi ziko wazi kuwa afugaye mbwa bila ya haja hupunguziwa thawabu zake kila siku, isipokuwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Wala hatumwambii mtu aende porini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyama pori ya mwaka 2013 yakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Tunalolitaka ni kuwa tuzingatie.

Wale watoto waliotupa mawe si waovu. Hawakufunzwa. Mwindaji humkalia mtoto wa mbwa miezi na miezi, kwa subira na kwa tonge la mkononi, ili amshikie sungura mmoja. Nasi mtoto wetu twampeleka chuoni, twamwachia mwalimu na fimbo, na tukirudi nyumbani hatumuulizi alilosoma wala alilotenda. Kisha akikua asiitike aitwapo, wala asizuilike azuiwapo, twalia kuwa zamani zimeharibika.

Tuanze usiku huu, kila mzazi na mwanawe: neno moja la kheri, na mfano mmoja mwema mbele ya macho yake. Sisi tumekwisha waita wale watoto, tukawaomba radhi kwa kunyamaza kwetu kabla ya kuwaonya.

Mwenyezi Mungu atupe mikono yenye kujizuia na nyoyo zenye huruma. Amin. Wabillahi tawfiq.